Kamera zimezimwa, maiki zimezimwa: mnatumia nini kuwafanya wanafunzi washiriki darasa la mtandaoni?

#1 Chaki Nyeupe

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha uhasibu wa gharama kwa wanafunzi wa jioni, wengi wao watumishi waliotawanyika mikoani. Kipindi ni cha saa mbili kwa Zoom, darasa lina watu kama 140. Nikishea skrini na kuanza kueleza, ninachokiona ni miraba myeusi yenye majina. Nikiuliza "tuko pamoja?" wanajibu wawili walewale.

Nimepita kwenye vifaa karibu vyote vinavyosifiwa. Kahoot, ule mchezo wa maswali ya kushindana, ilichangamsha darasa mwanzoni, sasa wengi hawaingizi hata namba ya mchezo. Mentimeter, ya kukusanya majibu ya darasa kwenye skrini, wingu lake la maneno linapendeza, likishajaa tunarudi kwenye kimya. Padlet, ubao wa pamoja wa mtandaoni, wanaandika "nimeelewa mwalimu", kisha hao wanaondoka.

Msimamo wangu ni huu, na mnipinge kwa hoja: vifaa hivi ni pambo. Mwanafunzi asiyetaka kushiriki hashiriki hata umletee nini. Kama kuna aliyefanikiwa na kundi kubwa, aseme alifanyaje, asitutajie apu tu.

#2 Nipo Tunduru

Mwalimu, kabla ya apu tuzungumze bando. Mimi ni mwanafunzi wa masafa. Nikiwasha kamera na kupokea video za wenzangu, saa 1 inaweza kumaliza MB 800 na zaidi. Kipindi chako cha saa mbili hicho, zidisha kwa siku za wiki. Halafu ili nicheze Kahoot inabidi nitoke Zoom niende kwenye kivinjari, na simu yenye uwezo mdogo inaifunga Zoom yenyewe. Nikirudi mko swali la tatu.

Unaona mraba mweusi, lakini nipo, daftari liko mkononi.

#3 Kichwa Ngumu

Hoja ya bando siinunui yote. Hao hao wanatazama mechi na video fupi hadi saa saba usiku. Bumu (mkopo wa wanafunzi) likitoka, bando la kwanza linaenda wapi? Nakazia alichosema mleta mada. Hii michezo ya Wamarekani haikutengenezwa kwa mazingira yetu, na mtu mzima mwenye familia hawezi kushangilia rangi na muziki saa mbili usiku ametoka kazini.

#4 Nipo Tunduru

Mkuu, sisi ni watumishi, bumu anatupa nani? Soma komenti namba 1 taratibu.

#5 Mgeni wa Trondheim

Sahihisho dogo kwa Kichwa Ngumu: Kahoot si ya Wamarekani, imezaliwa hapa Norway. Mzizi wake ni kazi ya Profesa Alf Inge Wang wa chuo kikuu cha NTNU, Trondheim. Kampuni ilianzishwa 2012, mchezo ukatoka 2013.

Kinachosahaulika ni kwamba ilibuniwa kwa ajili ya watu waliokaa ukumbi mmoja: swali kwenye skrini kubwa mbele, simu mkononi kama rimoti, mnasikiana mkishangilia. Ile kelele ndiyo nusu ya mchezo. Ukiuhamishia Zoom, kila mtu yuko peke yake chumbani, nusu hiyo haipo tena. Kwa hiyo mimi sisemi kifaa ni kibovu, nasema kimehamishwa kutoka kwao.

#6 Fundi Seva

Niongeze hesabu hapo, maana mleta mada ni mtu wa hesabu.

Kwa mpangilio wa kawaida wa Kahoot, jibu sahihi la papo hapo ni pointi 1000, la sekunde ya mwisho ni karibu 500. Kwa swali la sekunde 20, ukichelewa sekunde 4 umeshapoteza pointi 100 na jibu lako ni sahihi kabisa. Sasa nani anachelewa? Ni yule anayesubiri swali litokee kwenye skrini uliyoshea, picha ikifika kwake imechelewa. Ni yule anayesoma Kiingereza kwa kurudia sentensi mara mbili. Baada ya maswali matano sita anaona hayupo hata karibu na tano bora, anaacha kucheza. Mimi huyo simwiti mvivu. Ameona mashindano si yake.

Marekebisho yapo mlemle ndani: ongeza muda wa swali hadi sekunde 120, zile sekunde 4 zitamgharimu pointi 17 hivi. Unaweza pia kuwapa zoezi walifanye kwa muda wao bila kushindana na saa. Walimu wengi tunaacha mipangilio kama tulivyoikuta.

#7 Mama Semina

Fundi Seva amegusa Kiingereza akapita. Mimi nasimama hapo hapo, kwa sababu naona ndicho kiini.

Wanafunzi wetu wamesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari na chuo kwa Kiingereza. Darasani ana kwa ana mwenye wasiwasi humnong'oneza jirani, jirani anauliza kwa niaba yake. Mtandaoni jirani hayupo. Akifungua maiki anasikika peke yake na watu 140, na kipindi kinarekodiwa. Nani yuko tayari kuvunja sarufi mbele ya rekodi?

Nilichofanya kwenye semina zangu: swali la wazi kwenye Mentimeter, majibu bila majina, na nikatamka wazi kwamba Kiswahili ruksa, mchanganyiko ruksa. Skrini ilijaa. Wiki nyingine nikarudisha "answer in English please", yakaja majibu machache, mafupi, yanayofanana. Darasa lilelile, kifaa kilekile.

#8 Kichwa Ngumu

Dada, na mtihani watafanya kwa Kiswahili? Unawazoesha raha ambayo chumba cha mtihani hakina.

#9 Mama Semina

Kaka, mtihani unapima walichoelewa. Kwanza waelewe, kisha nawasaidia kukisema kwa Kiingereza. Jibu la mwisho la kila swali tunaliandika pamoja kwa lugha ya mtihani.

#10 Mwalimu wa Kericho

Hamjambo walimu. Niwape mfano wa huku Kenya. Shule zilipofungwa Machi 2020, wanafunzi wangu wa sekondari wengi hawakuwa na simu janja. Waliopata kitochi cha mzazi walitumia Shupavu 291 ya Eneza: unabonyeza *291#, unapata somo fupi kwa ujumbe wa maandishi, unaulizwa maswali, ukikosa unaelezwa. Hakuna kamera, muziki wala rangi. Lakini mtoto hawezi kukaa tu, kwa sababu kila baada ya maelezo mafupi anatakiwa ajibu kitu ndipo asonge mbele.

Mleta mada, kipindi chako kina saa mbili. Ndani yake mwanafunzi anatakiwa afanye jambo mara ngapi? Kama unaeleza dakika 40 ndipo unauliza "tuko pamoja", hata mimi ningeenda kuangalia ugali jikoni.

Afrika Mashariki nzima tulikaa nyumbani karibu mwaka mzima, haya tulijifunza kwa lazima.

#11 Binti Kigamboni

Mwalimu wa Kericho, mfano mzuri, ila Tanzania hatukukaa mwaka. Shule zilifungwa Machi 17, 2020. Vyuo na kidato cha sita vikarudi Juni 1, wengine wote Juni 29. Waliokaa muda mrefu ni Uganda, shule zilifunguliwa kwa wote Januari 10, 2022.

Na nadhani hapo kuna maelezo mengine ambayo hayajasemwa. Sisi tulirudi darasani kabla hatujazoea. Vyuo vingi vilianza kufundisha mtandaoni baadaye, taratibu, na mhadhiri akachukua slaidi zake za ukumbini akazihamishia Zoom bila kubadilisha chochote. Wanafunzi nao hawajawahi kufundishwa namna ya kuwa mwanafunzi wa mtandaoni.

#12 Mwalimu wa Kericho

Asante dada kwa kuweka sawa. Kwetu madarasa matatu yalirudi Oktoba 12, 2020, wengine Januari 2021. Lakini sikubaliani na hitimisho. Huku tulikaa nje muda mrefu kuliko ninyi, na shule zilipofunguliwa walimu wengi waliviweka kando vifaa vyote wakashika chaki. Kukaa muda mrefu si kuzoea.

#13 Dada wa Muscat

Salaam kutoka Oman. Mimi nafundisha Kiswahili watoto wa familia zetu hapa Muscat na wengine Dubai, Ijumaa na Jumamosi. Kamera zangu zote huwa wazi na kelele ni nyingi mno. Siri yangu si apu. Nawaambia, "Nenda kaniletee kitu cha jikoni ambacho bibi anakijua kwa Kiswahili." Wanakimbia, wanarudi na mwiko, kawa, kinu kidogo cha viungo, na kila mmoja anakitaja na kueleza kinatumikaje. Baada ya hapo wanarekodi sauti zao kwenye Padlet, na bibi aliyeko Unguja anatumiwa kiungo asikilize. Mtoto akijua bibi atamsikiliza, anarudia kurekodi hadi apendezwe mwenyewe.

#14 Kichwa Ngumu

Dada hongera, lakini darasa lako likizidi watoto kumi utaita polisi. Mwenzio ana watu 140 na somo ni uhasibu wa gharama. Akiwatuma jikoni, nani atarudi?

#15 Dada wa Muscat

Hahaa, atarudi mwenye risiti ya LUKU mkononi, mjadili kama umeme ni gharama isiyobadilika au inayobadilika. Msikilizaji ndiye ninayemzungumzia mimi. Wanafunzi wa Chaki Nyeupe wanamwandikia nani pale Padlet? Mwalimu peke yake, na anajua tayari jibu.

#16 Mwalimu Mstaafu

Nimesoma yote. Vijana mmetaja bando, lugha, kasi na hadhira. Naongeza kimya chenyewe.

Mary Budd Rowe, mtafiti Mmarekani aliyechunguza madarasa ya sayansi miaka ya 1970, aliona walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa hawajibu wakaanza kujibu. Hiyo ni ana kwa ana. Mtandaoni sauti yako inafika imechelewa, mtu atafute kitufe cha maiki, amtoe mtoto chumbani, apunguze redio. Kabla hajafika, mwalimu ameshajijibu mwenyewe na kwenda slaidi inayofuata. Uliza, nyamaza, hesabu hadi kumi moyoni. Inatisha kidogo mwanzoni, lakini subiri.

#17 Chaki Nyeupe

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Nimechukua ya kusubiri na ya kupunguza maelezo marefu.

Ila bado hamjanitoa kwenye msimamo. Kila anayetoa mfano wa mafanikio ana kundi dogo au watoto. Vipi kuhusu alama? Nafikiria kutenga alama 5 za ushiriki.

#18 Kichwa Ngumu

Hapo sasa. Weka alama, uone miraba myeusi inavyopata sura.

#19 Nipo Tunduru

Wakuu, naomba msifanye hivyo. Umeme ukikatika huku siku ya kipindi, nitapoteza alama kwa kosa la nguzo. Na tuambizane ukweli: alama zikiwekwa, CR (kiongozi wa darasa) anaingia na simu tatu, anawajibia rafiki zake. Utapata takwimu nzuri na darasa lilelile.

#20 Binti Kigamboni

Na kuhusu kulazimisha kamera, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwauliza wanafunzi wao sababu za kuzima, matokeo yakachapishwa 2021. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa wasiwasi kuhusu mwonekano wao, na wengine walitaja watu na chumba vinavyoonekana nyuma yao. Hao ni wa Marekani wenye intaneti ya kutosha. Sasa mtumishi aliyepanga chumba kimoja na watoto watatu?

#21 Mzee wa Moodle

Nimechelewa kidogo.

#22 Fundi Seva

Tulikuwa tunakusubiri mzee. Tunajua utasema nini.

#23 Mzee wa Moodle

Nitasema hivyo hivyo. Mnajenga masomo kwenye nyumba za kupanga. Ubao wa Jamboard wa Google ulifungwa Desemba 31, 2024. Flip ya kurekodi video fupi, iliyoanza kama Flipgrid kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018, tovuti yake ilifungwa Septemba 2024. Quizizz, ya maswali kama Kahoot, imebadilisha jina, sasa inaitwa Wayground. Mentimeter kifurushi cha bure kina kikomo cha washiriki, na watu 140 hawatoshi humo. Kila mwaka mwalimu anajifunza kitufe kipya na mwanafunzi anafungua akaunti mpya. Hata mimi ningechoka na kunyamaza.

Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, ipo tangu 2002, ni programu huria, chuo kinaiweka kwenye seva yake. BigBlueButton ya mikutano ya video imekuja ndani yake tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022. Ukiongeza H5P unaweka swali katikati ya video: video inasimama, mwanafunzi anajibu, inaendelea. Hicho ndicho anachokisema Mwalimu wa Kericho, jibu ndipo usonge mbele.

#24 Binti Kigamboni

Mzee wangu, heshima yako. Lakini Moodle ya vyuo vingi imegeuka stoo ya madesa. Mhadhiri anapakia PDF, mwanafunzi anapakua, basi. Na kwenye simu, kurasa zake ni za kusogezasogeza hadi kidole kichoke.

#25 Mzee wa Moodle

Kwenye simu usitumie kivinjari, tumia apu yake. Mwanafunzi anapakua somo akiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini, anasoma nyumbani bila bando. Hata jaribio linaweza kufanywa nje ya mtandao kama mwalimu ameruhusu kwenye mipangilio, majibu yanapanda akirudi hewani. Nipo Tunduru, hii ni yako.

#26 Nipo Tunduru

Hii sikuijua. Nitamwambia CR wetu aulize kama imeruhusiwa kwenye kozi zetu.

#27 Kichwa Ngumu

Hamjagusa kitu kimoja. Siku hizi swali la kuandika wanalijibu kwa ChatGPT. Unaona aya safi, nukta na mkato mahali pake, unafurahi kumbe ameshiriki roboti.

#28 Mama Semina

Ndiyo maana nimehamia kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Swali langu haliulizi maana ya kitu. Nauliza, "Nipe mfano kutoka ofisini kwako, sekunde 40, bila kusoma." Sauti ya dakika nzima haifiki hata MB 1. Unamsikia mtu anafikiri, anasita, anajirekebisha. Kusikiliza sauti 140 haiwezekani, kwa hiyo nawagawa makundi ya watu kumi, kila kundi linachagua sauti moja ya kuniletea.

#29 Fizikia Songea

Nafundisha fizikia sekondari. Maigizo ya majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado ni msaada mkubwa: yanapakuliwa, yanaendeshwa bila intaneti, mwanafunzi anavuta betri, anaunganisha waya, anaona balbu inawaka. Lakini nilichokuja kusema ni kingine.

Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, tangu 1991 anafundisha hivi: swali moja la dhana, kila mtu anapiga kura peke yake, kisha wanabishana na jirani, kisha wanapiga kura tena. Kama waliopatia mara ya kwanza ni kati ya 30% na 70%, hapo mabishano yanazaa, kwa sababu pande zote zina watu. Wakiwa wachache sana, rudi ueleze. Wakiwa wengi sana, songa mbele. Swali ndilo linalobeba kazi, apu inahesabu kura tu. Mleta mada, tupe swali moja la uhasibu ambalo wanafunzi wako wanakosea kila mwaka.

#30 Chaki Nyeupe

Hili hapa. Kiwanda cha mikate kinalipa pango la jengo kiasi kilekile kila mwezi. Kikiongeza idadi ya mikate, gharama ya pango kwa kila mkate itapanda, itashuka au itabaki?

#31 Kichwa Ngumu

Itabaki. Pango ni gharama isiyobadilika, umesema mwenyewe.

#32 Nipo Tunduru

Isiyobadilika ni jumla. Kwa kila mkate inashuka, maana unaigawa kwa mikate mingi zaidi.

#33 Mwalimu wa Kericho

Inashuka hadi jengo lijae. Ukihitaji jengo la pili, pango linaruka juu ghafla na kila mkate unabeba zaidi.

#34 Kichwa Ngumu

Swali lilisema jengo, halikusema majengo. Na mwalimu hakusema ni mikate mingapi.

#35 Dada wa Muscat

Mimi si mhasibu na nimekaa hapa nahesabu mikate.

#36 Fizikia Songea

Mmeona? Watu walioko nchi tatu, bila kamera, bila alama, wanabishana kuhusu pango.

#37 Binti Kigamboni

Hapana, hapa tumejichagua. Tumekuja kwa sababu tunapenda mada, na majina yetu ni ya kubuni. Mwanafunzi wa Chaki Nyeupe ana jina lake kamili chini ya mraba mweusi. Akikosea, bosi wake yuko kozi hiyo hiyo. Hilo la majina linaungana zaidi na Mama Semina kuliko na Mazur.

#38 Mwalimu Mstaafu

Na mnabishana kwa Kiswahili.

#39 Chaki Nyeupe

Nitalijaribu swali hili kwenye kipindi cha Alhamisi, kura mbili na mabishano katikati kwenye vyumba vidogo vya Zoom. Kura niiweke kwenye kundi la WhatsApp? Wote wamo.

#40 Fundi Seva

Kura ya WhatsApp kwa kawaida inaonyesha nani kachagua nini, kwa hiyo lile tatizo la majina linarudi palepale, watasubiri waone CR amepiga wapi. Tumia Telegram, kura yake inaweza kufichwa majina, na tangu 2020 ina aina ya chemsha bongo inayoonyesha jibu sahihi. Kama hawako Telegram, fomu ya Google bila kukusanya barua pepe inatosha. Usionyeshe matokeo ya kura ya kwanza kabla ya mabishano, watafuata jibu lenye kura nyingi.

#41 Mzee wa Moodle

Moodle nayo ina kipengele cha kura bila majina.

#42 Nipo Tunduru

Popote mtakapoiweka, swali liandikwe kwa maandishi, lisiwe picha. Kuna tulio kwenye 2G baada ya saa moja jioni.